Masika Tuliyosoma Atomi

9 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta paredi. Mkuu wa Shule, Mwalimu Kasimiri, hakuturuhusu kukimbilia barazani mpaka wimbo wa Taifa ulipokwisha, kwa hiyo wanafunzi wameingia darasani wakichuruzika maji, na mimi nimefundisha kipindi cha kwanza viatu vikilia chwapu chwapu. Huu ni mwaka wangu wa tatu huku milimani, juu kabisa ya Kinole, na huyu bwana bado sijamwelewa. Mimi nimekulia Turiani, tambarare, katikati ya miwa. Kwetu mvua inashuka. Huku inapanda: inatoka bondeni kama moshi na kuingia kwa madirisha.

Kidato cha Pili tumeanza muundo wa atomi. Nimefundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, halafu nikafunga mlango nikarudia kwa Kiswahili. Nimeanza na Wagiriki wa kale, na swali la Demokrito: ukikata kitu nusu, ukaikata tena ile nusu, ukaendelea, utafika wapi? Nimevunja chaki mbele yao mpaka ikabaki vumbi kwenye kidole. Witness Dominiko, yule wa dawati la dirishani, akanyoosha mkono.

"Madamu, hicho cha mwisho kisichokatika, kinajua kwamba kiko peke yake?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Huyu binti anapenda kutazamwa.

12 Machi

Dalton. Mvua. Umeme hakuna.

17 Machi

Leo Thomson na elektroni zake. Nimenunua tikiti maji kwa wanaopita na pikipiki, nikalipasua mezani: nyama ndiyo chaji chanya, mbegu ndizo elektroni. Tumemaliza somo kwa kula atomi. Hakuna aliyesinzia.

23 Machi

Rutherford, kipenzi changu. Nimewasimulia jinsi wasaidizi wake walivyokaa kwenye chumba cha giza mpaka macho yakazoea, wakitazama vimulimuli vidogo kwenye kioo. Walikuwa wanarusha chembe zisizoonekana kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Karibu zote zilipita kana kwamba hakuna kitu. Chache zikapinda. Chache zaidi zikarudi zilikotoka. Hapo ndipo alipojua kwamba ndani ya atomi kuna kiini, kidogo na kizito, na kwamba kwingine kote ni patupu. Kiini chenyewe hakuwahi kukiona.

Halafu mchezo. Nilikuwa nimegundisha umbo la mbao chini ya kipande cha plaiwudi, hawalioni. Wanaviringisha gololi kwa chini, wanatazama zinatokea upande gani, wanachora wanachodhani kimo. Wengi wamechora duara. Witness alichukua muda wake, sikio karibu na ubao.

"Pembetatu," akasema. "Ila pembe moja imevunjika."

"Haijavunjika," nikamwambia. "Nimeitengeneza mwenyewe."

Nikageuza ubao. Pembe moja ilikuwa imemeguka, nadhani nilipoubeba kutoka nyumbani. Akaniomba gololi moja akae nayo. Nikampa.

24 Machi

Sijafurahi na nilivyomaliza somo la leo.

Niliwaambia kwamba ukiondoa patupu yote iliyo ndani yetu, watu wote wa Morogoro wangeenea kwenye kijiko na nafasi ingebaki. Witness akauliza, "Kama kitanda ni patupu na mimi ni patupu, mbona sipenyi nikaanguka chini?" Swali zuri sana. Nikamweleza kwamba elektroni za kitanda na zako zinasukumana, kwa hiyo kwa kweli hukigusi kitanda, umeelea juu yake kwa nafasi ndogo isiyopimika. Nikanogewa. Nikasema, "Hakuna aliyewahi kugusa kitu chochote."

Akafikiri. Kisha kwa sauti ya chini, "Hata mama sikumgusa?"

Nilitamka maneno fulani, hata siyakumbuki, kengele ikalia. Rafiki yake Magreth akanifuata ofisini kunieleza kwamba mama yake Witness alifariki mwaka jana, na kwamba Witness ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

30 Machi

Matroni wetu, mama Paskalia, amekuja saa ya chai na uso usio wake. Ni mtu mzima, mcheshi, mkali kwa sabuni na mashuka tu. Amekaa bila kukaribishwa.

"Madamu Filomena, wewe ni mtu wa sayansi. Vitanda vyangu vinatembea."

"Vinatembeaje, mama?"

"Kila asubuhi navikuta vimeuacha ukuta wa nyuma. Navirudisha na hawa wasichana. Kesho yake vimeuacha tena. Vyote, na vyote vimeelekea mlangoni. Kama vimeitwa."

Bweni la wasichana limejengwa kwenye ngazi iliyochongwa ubavuni mwa mlima, juu ya shule. Nimemwambia ni utundu wa wasichana. Amekunywa chai yake yote kwa mara moja na kuondoka.

2 Aprili

Wasichana wanasema wanasikia watu chini ya sakafu. Wengi, wakivuta magunia. Kuna waliomtaja Kolelo, mzimu wa milima hii, kuna waliotaja majini. Wa Kidato cha Kwanza wanalala wawili wawili. Paredi, Mwalimu Kasimiri alisimama mbele yetu, mvua inamtiririka shingoni. "Atakayesikika akitamka neno jini ndani ya shule hii, nitampeleka kwao mimi mwenyewe." Akaagiza wasichana wote wafyeke nyasi.

Nimemwona katili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona.

5 Aprili

Pasaka. Daraja la chini limechukuliwa na maji, hakuna msichana aliyekwenda nyumbani. Wameimba kanisani mpaka Padri akawa anapangusa miwani.

8 Aprili

Leo nimeona kitu ambacho siwezi kukiita utundu.

Baada ya vipindi Witness alinisubiri mlangoni. Shikamoo, marahaba, halafu akafungua kiganja. Gololi yangu.

"Madamu, naiweka sakafuni bweni, chini ya ukuta wa nyuma, kila siku. Ile wiki uliyonipa ilitulia. Wiki ya Pasaka ilianza kujivuta. Leo inakwenda yenyewe."

"Kwa nini unaiweka?"

"Ulisema usichokiona unakijua kwa kinachofanya."

Tulikwenda. Mchana, ukungu umelala juu ya bati, ndani ya bweni mwanga wa kijivu kama wa chini ya maji. Wasichana waliokuwa wakifua walituona, wakaja nyuma yetu bila kusemezana. Witness akapiga magoti, akaiweka gololi, akaondoa kidole. Ilikaa. Kisha ikaanza, polepole, kama mtu anayekumbuka alikotumwa. Ikapita chini ya vitanda, ikashika kasi, ikagonga kizingiti cha mlango: ta. Hakuna aliyecheka. Nilirudia mwenyewe kona nyingine. Ta.

Sijui kilichonituma, nikalala kifudifudi kwenye saruji na kuweka sikio. Kwanza nilisikia damu yangu mwenyewe. Halafu, mbali sana chini, kitu kilijikokota, kikatulia, kikajikokota tena. Sauti nzito, yenye subira. Nilipoinua kichwa Witness alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba huyu mtoto hapendi kutazamwa hata kidogo. Alikuwa amechoka kusikia peke yake.

"Ni maji," nikasema. "Maji yanapita kwenye udongo. Mlima umelowa."

"Ndiyo, madamu." Kisha, "Lakini mbona yanangoja?"

9 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Mkuu. Nimemweleza habari ya gololi, vitanda na ufa mpya kwenye ukuta wa nyuma ambao kidole changu kinaingia. Nimemwomba awahamishe wasichana.

"Niwapeleke wapi, madamu?"

"Ukumbi wa parokia. Popote. Ule mlima unasogea, Mkuu. Si majini."

"Mimi najua si majini." Alivua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani. Anaonekana mzee zaidi. "Wewe hukuwepo mwaka ule wasichana walipoanguka. Msichana mmoja alipiga kelele, wakaanguka wote, kama mahindi. Wazazi wakapanda huku siku hiyo hiyo, wakabeba mabinti zao na magodoro. Tukaombewa, tukasafishwa, tukasahaulika. Unajua ni wangapi walirudi? Mmoja huwa nakutana naye sokoni Kinole. Ana umri wa hawa wa Kidato cha Nne, mtoto mgongoni, mwingine tumboni. Ananiambia shikamoo mwalimu, anaangalia chini. Mimi ndiye ninayepaswa kuangalia chini."

Aliipangusa miwani kwa shati.

"Lile bweni mawe yake nimebeba kwa kichwa hiki. Nikilifunga leo, watasema majini yamerudi, na safari hii hakuna atakayerudi. Nimeshampigia mhandisi. Atakuja barabara ikipitika."

"Na mlima usipoisubiri barabara?"

Aliivaa miwani yake. Nilipofika mlangoni akasema, "Hilo la mlima umelisema kwa nani mwingine?"

"Kwako tu."

"Asante."

Nilitoka nikiwa sina tena mahali pa kuweka hasira yangu.

13 Aprili

Bohr na njia za elektroni. Wamechora vizuri. Witness hakunyoosha mkono.

16 Aprili

Nimemkuta Mwalimu Kasimiri peke yake nyuma ya bweni, kwenye mvua, mkono umezama ndani ya ufa mpaka kiwiko. Hakuwa anapima. Alikuwa ameuacha mkono humo, kama mtu anayesikiliza kwa mkono. Juu yake migomba yote imeinama upande mmoja.

"Kuna upepo humu ndani," akaniambia bila kugeuka. "Unatoka, unaingia."

Jioni ametuma kuniita. Amezungumza na Padri. Ukumbi utafagiliwa, mbao zitatandikwa, Jumatatu tunahama. Wazazi wataambiwa tunapaka rangi. "Sijawahi kusema uongo kwenye shule hii," akasema. Nikamwambia nitamsaidia kununua rangi. Alitabasamu, na nikaona ana pengo la jino, na kwamba linamfaa.

17 Aprili

Witness ana homa. Mama Paskalia anampa dawa. Mvua haijakatika tangu jana.

18 Aprili, Jumamosi

Naandika nikiwa ofisi ya parokia. Nitaandika polepole.

Asubuhi bomba la bweni, linaloleta maji ya chemchemi ya juu, lilikauka. Mvua yote hii, na bomba kavu. Mama Paskalia alikuja kuniambia hilo, na kwamba mlango wa bweni umekataa kufunguka, wasichana wametokea dirishani. Tulipofika bombani lilikuwa linakohoa. Likatema tope jekundu, zito kama uji, likanyamaza tena.

Nilijua. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Mkuu alikuwa ng'ambo, parokiani, anafagia ukumbi na vijana wa Kidato cha Nne. Simu haikushika. Niliwatazama wasichana: wanafua, wanasukana, wa Kidato cha Kwanza wamejikunyata vitandani na mablanketi. Nikipiga kelele "tokeni" watapiga kelele nao, na dirisha ni moja. Watakanyagana. Wataanguka kama walivyoanguka wenzao.

Kwa hiyo nilipiga makofi. "Haya, somo la nje! Vidato vyote, wakubwa kwa wadogo. Leo tunatengeneza atomi."

Waliguna. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, ukungu ndio ulikuwa mzito. Tukawavuta mmoja mmoja dirishani mimi na mama Paskalia, tukicheka, nikimwambia kila mmoja yeye ni elektroni. Witness alikuwa kitanda cha mwisho, amejifunika gubigubi, anatetemeka.

"Huyu nitakuja naye mimi," akasema mama Paskalia. "Ngoja kwanza nimchemshie uji, apate nguvu ya kusimama. Wewe wahi na hawa."

Sikuwa nimemwambia nilichokijua. Nikawahi na hawa.

Uwanja wa mpira uko kwenye mgongo wa kilima, pembeni, mbali na ule ubavu. Niliweka punje ya hindi katikati. "Hiki ndicho kiini," nikawaambia. "Sasa elektroni ya kwanza isimame wapi?" Wakasema golini. Mbali zaidi. Kwenye mikarafuu. Mbali zaidi! Niliwasukuma hivyo mpaka wakaenea kwenye mteremko wa upande wa pili, kuelekea kanisani, kila mmoja peke yake, na ukungu ukawameza. Uwanja ukabaki mtupu. Mimi, punje ya hindi, na weupe.

Nikaanza kuita majina, kidato kwa kidato. Sauti zilitoka kwenye ukungu: "Nipo!" Moja karibu, moja mbali, moja ya kucheka. Nilikuwa nayajua majina kwa moyo, na sikuruka hata moja. Niliposema "Witness Dominiko" nilikuwa nimesahau kwamba sijamwona akija.

"Nipo, madamu."

Ilitoka upande wa kanisani, juu kidogo kuliko wengine. Safi, karibu kuliko ilivyopaswa. Nikajisemea, ahaa, mama Paskalia ameshamleta. Nikaendelea.

Mwalimu Kasimiri alitokeza kwenye ukungu akikimbia, fagio bado mkononi. Aliona uwanja, akaona bweni mlango umefungwa, akanitazama. Alielewa bila kuuliza. Akapita moja kwa moja kwenda kwenye ngazi za bweni. Mguu wake ulikuwa kwenye ngazi ya kwanza aliponipigia kelele:

"Wote wametoka?"

"Wote, Mkuu! Wote wameitika!"

"Na mgonjwa?"

"Hata Witness ameitika!"

Akasimama. Akageuka. Akaanza kurudi kwangu kwa mwendo wa kawaida, akifuta uso kwa mkono wa shati.

Kwanza ilikuja harufu ya udongo uliofunuliwa sasa hivi. Halafu nikaona migomba ya juu ya bweni inatembea. Sikosei neno. Ilikuwa bado imesimama kwenye mizizi yake, yote kwa pamoja, inashuka kama watoto wanaotoka paredi, na hapakuwa na sauti yoyote. Sauti ilikuja baadaye, na niliisikia kwanza miguuni, kutoka chini. Bati la bweni lilikunjika kama karatasi. Ngazi alizokuwa amesimama Mkuu hazikuwepo. Kisha tope likapita mahali hapo, likaenda zake bondeni, likiburuza vitu, kwa muda mrefu, bila haraka.

Wasichana hawakupiga kelele. Walisimama kila mmoja mahali pake kwenye ukungu kwa sababu sikuwa nimewaambia waondoke.

Mama Paskalia alitoka jikoni, pembeni mwa uwanja, na kikombe cha uji. Alikuwa amekiziba kwa kiganja mvua isiingie. Alikuwa hajaelewa kilichotokea. Alidhani ni radi. Akaangalia huku na huku kwenye ukungu.

"Witness," akaita. "Njoo unywe kikiwa moto."

Nikamwuliza, "Si umemleta wewe?"

"Nilimwacha kitandani. Nilisikia unaita majina, nikamsikia akiitika. Nikasema, mshukuru Mungu, ameamka mwenyewe."

Mwalimu Kasimiri alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea kwenye tope.

19 Aprili

Wanachimba.

20 Aprili

Wanachimba. Baba yake amefika kwa miguu, amepita juu ya magogo pale lilipokuwa daraja. Hakusalimiana na mtu. Alichukua jembe.

21 Aprili

Wamempata. Alikuwa kitandani mwake, blanketi limemfunika vizuri mpaka begani. Mwalimu Kasimiri amembeba yeye mwenyewe mpaka kanisani na hakukubali kusaidiwa.

22 Aprili

Tumemzika. Mvua ilikatika wakati wa maziko, ikaanza tena tulipomaliza.

25 Aprili

Nimewauliza. Ilinibidi.

Wanafunzi huitikiana majina. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo chuoni. Nimewakusanya ukumbini na kuwaambia kwamba hakuna atakayeadhibiwa, hakuna atakayelaumiwa, ila kama kuna aliyeitika kwa niaba ya Witness aniambie. Wametazamana. Magreth, aliyekuwa amesimama karibu na kanisa, akainuka.

"Madamu, nilimsikia juu yangu. Niligeuka nimwangalie. Niliona ukungu tu, nikadhani amejificha."

"Si wewe uliyeitika?"

"Natamani ningekuwa mimi," akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kubadilika. "Ingekuwa mimi, ningekuwa na kosa. Sasa sina hata kosa."

Nimemkumbatia. Nilimgusa kabisa, na chembe zinazosukumana zifanye zinavyotaka.

Nimeifikiria kila njia ninayoijua. Mwangwi wa bonde. Msichana aliyeogopa kukiri. Masikio yangu, ambayo yalitaka kuisikia sauti hiyo kuliko kitu kingine chochote asubuhi ile. Lakini mama Paskalia aliisikia akiwa jikoni, na Magreth aliisikia juu yake. Kama isingesikika, ningekwenda kumtafuta. Au angekwenda Mkuu, naye alishafika ngazini.

28 Aprili

Mwalimu Kasimiri haonekani shuleni. Nilidhani anaumwa. Kumbe anatembea. Anakwenda nyumba kwa nyumba, kwa wazazi wa kila msichana aliyechukuliwa kurudi kwao baada ya maporomoko, anaingia na viatu mkononi kwa sababu ya tope, anakaa chini, anawaeleza kwa mdomo wake mwenyewe: mlima ulisogea, tulijua, tulikuwa tuhame Jumatatu, nilichelewa. Hatumii neno mapenzi ya Mungu. Anawaomba warudishe watoto.

Jioni nimekutana naye njiani. Ameuliza tena, kama anavyouliza kila tunapoonana.

"Ulisikia kweli?"

"Nilisikia, Mkuu."

"Nilikuwa na mguu kwenye ngazi," akasema. Kisha akaendelea na safari, alikuwa bado na nyumba moja.

30 Aprili

Wamerudi wachache.

4 Mei

Wamerudi wengi. Si wote. Kuna baba mmoja aliyekuja kututukana na kumwacha binti yake hapo hapo akimaliza matusi.

Kipindi cha kwanza nilikuwa na Chadwick: nyutroni, chembe isiyo na chaji, inayopita katikati ya vitu bila kusukumwa wala kuvutwa, ndiyo maana ilichelewa kujulikana kuliko zote. Nilikuwa ninaandika maelezo hayo ubaoni, kwenye ukumbi wa parokia, nikamwona Dominiko, baba yake Witness, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Niliwapa wanafunzi kazi, nikatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Ni mtu mrefu, mkulima, kucha bado zina ule udongo. "Sitakuchelewesha. Wameniambia uliita majina, na mwanangu akaitika."

"Ndiyo, baba."

"Wewe umesikia, au umeambiwa?"

"Nimesikia mwenyewe."

Akaitazama kofia yake. Ndani wanafunzi walikuwa wameacha kuandika.

"Siku ile niliyomleta baada ya msiba wa mama yake, alikuwa haongei kabisa. Nilimwacha hapa kwa moyo mzito." Akatafuta namna. "Sasa nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Alisikika ana homa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine yote. Kwa hilo sikuwa na elimu, nilikuwa na sauti ile tu, kama ilivyokuja.

"Hapana, baba. Hakusikika mgonjwa. Alisikika kama mtu aliyeamka mapema, ameshanawa uso, anangoja wenzake."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama anayeyapanga maneno hayo mahali ambapo hayatadondoka njiani.

"Basi nikamwambie bibi yake," akasema.

Akavaa kofia, akaniaga kwa mikono miwili, akashika njia ya kushuka Kinole. Nilimtazama mpaka ukungu ukamficha. Kisha nikarudi ndani, nikachukua chaki, na mkono wa kwanza ulionyooshwa ulikuwa wa Magreth.